Alama 8.975 Hutoka Wapi? Mashindano ya Jimnastiki ya Watoto Nchini Marekani

Mashindano mengi ya jimnastiki ya watoto nchini Marekani huendeshwa chini ya mpango wa madaraja kumi unaosimamiwa na USA Gymnastics, shirikisho la mchezo huo lenye makao yake Indianapolis. Kwa wasichana, madaraja matano ya mwanzo yana zoezi la lazima: mtoto wa daraja la 4, awe anaishi Texas au Minnesota, hufanya vitendo vilevile kwa mpangilio uleule. Kuanzia daraja la 6 hadi la 10, kocha na mchezaji hutunga zoezi lao wenyewe, mradi litimize masharti ya daraja husika. Pembeni ya ngazi hiyo upo mpango wa Xcel, wenye masharti mepesi kidogo na unaofaa familia ambazo haziwezi kutoa saa nyingi za mazoezi kila wiki. Madaraja yake yana majina ya madini na vito: Bronze, Silver, Gold, Platinum, Diamond na Sapphire.

Wasichana hushindana kwenye vifaa vinne. Kwanza ni meza ya kurukia, inayoendewa kwa mbio kwenye njia isiyozidi mita 25. Kisha vyuma viwili, kimoja juu na kimoja chini. Boriti yenye upana wa sentimita 10, urefu wa mita 5 na kimo cha sentimita 125. Na sakafu ya mita 12 kwa 12 iliyowekewa springi chini yake. Wavulana wana vifaa sita, pamoja na madaraja na kanuni zao. Yanayoelezwa hapa yanahusu wasichana, ambao ndio wengi zaidi katika mchezo huu.

Mashindano makubwa huchukua siku mbili au tatu, kwa kawaida mwisho wa wiki, na hugawanywa katika vipindi. Kila klabu hupangiwa kipindi chake kufuatana na daraja la wachezaji, kwa hiyo mzazi hana haja ya kukaa ukumbini siku nzima. Mtoto hufika mapema, hunyoosha viungo pamoja na wenzake, kisha makundi yote huingia kwa maandamano na kusimama kwa wimbo wa taifa. Baada ya hapo kila kundi huanzia kwenye kifaa kimoja na kuzunguka mpaka liwe limepita vyote vinne. Kabla ya kushindana, kila mtoto hupewa muda mfupi sana wa kukijaribu kifaa husika. Muda huo ni muhimu kuliko unavyoonekana: chuma cha ukumbi mgeni huweza kuwa kigumu au laini kuliko kile cha nyumbani, na mikono inahitaji kukizoea.

Jaji anapokuwa tayari hutoa ishara. Mtoto huinua mkono au mikono kumsalimu, hufanya zoezi lake, kisha humgeukia na kumsalimu tena. Baina ya salamu hizo mbili ndimo alama zinamotafutwa. Wazazi hubaki jukwaani muda wote. Hawaruhusiwi kushuka uwanjani wala kuzungumza na majaji, na kupiga picha kwa mwanga wa kamera ni marufuku, kwa kuwa mwale mmoja unaweza kumpofusha kwa nukta moja mtoto aliye juu ya boriti.

Jambo la kwanza la kufahamu kuhusu alama ni kwamba mtoto hakusanyi pointi kama mchezaji wa mpira wa kikapu. Huanza na akiba, na kila kosa hupunguza akiba hiyo. Katika madaraja ya chini akiba hiyo, yaani thamani ya kuanzia, ni 10.0. Kuanguka hukata 0.5. Kupiga hatua ndogo baada ya kutua hukata 0.1. Magoti yaliyokunjika pale yalipopaswa kunyooka hukata hadi 0.3, miguu iliyoachana hadi 0.2, na vidole vya mguu visivyonyooshwa 0.05 kila vinapoonekana. Kuyumba kwenye boriti hukatwa kwa kadiri ya ukubwa wake, na kukanyaga nje ya mstari wa sakafu ni 0.1.

Msichana wa daraja la 4 anapanda boriti. Katikati ya zoezi anaanguka, anapanda tena na kuendelea. Jaji wa kwanza anaandika 0.5 ya kuanguka, 0.2 ya kuyumba mara mbili, 0.15 ya magoti, 0.05 ya vidole na 0.1 ya hatua wakati wa kutua. Jumla ni 1.0, na alama yake ni 9.0. Jaji wa pili ameona yote hayo, ila ameongeza 0.05 kwa sababu mtoto alisita kabla ya kugeuka. Alama yake ni 8.95. Wastani wa majaji hao wawili ni 8.975, na ndio unaowekwa kwenye ubao. Hapo ndipo zinapotoka zile desimali tatu zinazowashangaza wazazi wapya: makato hupimwa kwa vipande vya 0.05, na wastani wa majaji wawili huzaa vipande vya 0.025. Mashindano mengine hutumia jaji mmoja kwa kila kifaa, na hapo alama huishia na desimali mbili. Alama za majaji wawili zikipishana kuliko kanuni inavyoruhusu, majaji hukutana na kuafikiana kabla hazijatangazwa.

Katika mfano huo, kuanguka kumekula nusu tu ya makato. Nusu nyingine imetokana na mambo ambayo si rahisi mtu aliye jukwaani, mita 30 kutoka kwenye boriti, kuyaona yote. Ndiyo maana mtoto aliyeanguka wakati mwingine humzidi yule ambaye hakuanguka hata mara moja.

Kuanzia daraja la 6 linaingia jambo jingine linalofichika zaidi. Vitendo hupangwa kwa herufi kulingana na ugumu, A vikiwa vyepesi, kisha B, C na kuendelea. Kila daraja lina idadi yake: daraja la 7, kwa mfano, hutaka vitendo vitano vya A na viwili vya B. Kukosa A kimoja hupunguza 0.1, B hupunguza 0.3 na C hupunguza 0.5. Juu ya hayo yapo masharti maalumu manne kwa kila kifaa isipokuwa meza ya kurukia, kila moja likiwa na thamani ya 0.5. Kwenye boriti mojawapo ni kuzunguka duara kamili kwa mguu mmoja. Mtoto anayekatisha mzunguko huo kabla haujakamilika anaweza kuonekana amefanya zoezi safi kabisa, huku thamani yake ya kuanzia imeshashuka hadi 9.5. Kitendo kinachohesabika kama A badala ya B kwa sababu msamba haukufunguka vya kutosha huleta hasara ya namna hiyohiyo.

Daraja la 9 na la 10 huongeza dai jingine. Thamani ya kuanzia ni 9.7 katika daraja la 9 na 9.5 katika la 10. Kinachobaki mpaka 10.0 hutafutwa kwa nyongeza, kwa kufanya vitendo vigumu au kuviunganisha bila kusimama. Kocha mwenye busara hupima kama nyongeza ya 0.1 inastahili hatari ya kuanguka inayogharimu 0.5.

Alama za vifaa vinne hujumlishwa kupata alama ya jumla, ambayo haiwezi kuzidi 40. Timu nayo huhesabiwa mara nyingi kwa alama tatu bora za klabu kwenye kila kifaa, hivyo mtoto aliyeshika nafasi ya nne katika klabu yake kwenye boriti hajaiharibia timu chochote. Medali hutolewa kwa makundi ya umri, na waandaaji wengi huyagawa baada ya usajili ili yakaribiane kwa ukubwa. Matokeo ya mgawanyo huo huchanganya watu: alama 36.5 inaweza kumpa mtoto dhahabu Jumamosi asubuhi katika kundi lenye wachezaji dhaifu, na nafasi ya tisa wiki tatu baadaye katika kundi lenye nguvu. Nafasi huonyesha nani walikuwepo siku hiyo. Alama ndiyo inayomhusu mtoto mwenyewe, na ndiyo inayohesabika kuelekea mashindano ya jimbo, kisha ya kanda, ambazo kwa wasichana ni nane. Daraja la 9 hufikia kilele katika mashindano ya Mashariki na ya Magharibi, na daraja la 10 katika ubingwa wa taifa.

Mzazi anayeangalia Olimpiki kwenye televisheni hukuta hesabu tofauti. Mwaka 1976 mjini Montreal, Nadia Comăneci wa Romania, akiwa na umri wa miaka 14, alipata 10 kamili kwenye vyuma, na ubao ukaonyesha 1.00 kwa sababu haukutengenezwa kuandika 10.00. Dari hiyo ya 10 ilidumu mpaka baada ya Athens 2004, ambako majaji walikosea thamani ya kuanzia ya Yang Tae-young wa Korea Kusini kwa 0.1 kwenye vyuma sambamba, naye akaambulia shaba katika mashindano yaliyoamuliwa kwa tofauti ndogo sana. Mwaka 2006 shirikisho la kimataifa lilileta mfumo wa alama mbili: moja ya ugumu, isiyo na kikomo, na moja ya utekelezaji, inayoanzia 10. Kaylia Nemour wa Algeria aliposhinda dhahabu ya vyuma mjini Paris 2024 na kuipa Afrika medali yake ya kwanza ya jimnastiki katika Olimpiki, alama yake 15.700 ilikuwa jumla ya 7.2 za ugumu na 8.5 za utekelezaji. Watoto wa Marekani na vyuo vikuu vya nchi hiyo wamebaki na 10.

Majaji hufunzwa na kupewa vyeti kwa mitihani, lakini macho ya binadamu yana mipaka inayojulikana. Samasoti huchukua chini ya nukta moja. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1999, mwanasaikolojia wa Ujerumani Henning Plessner aliwaonyesha majaji mazoezi yaleyale, mara yakiwa mwanzoni na mara mwishoni mwa orodha ya timu. Kwa kuwa makocha huwaweka walio bora mwishoni, majaji walielekea kutoa alama za juu kwa zoezi lililokaa mwishoni, hasa vitendo vilipokuwa vigumu kupima. Nchini Canada, Diane Ste-Marie na wenzake walionyesha kuwa jaji aliyewahi kumwona mchezaji akifanya kitendo vizuri au vibaya kabla ya mashindano huathiriwa na kumbukumbu hiyo bila kujitambua. Katika ngazi ya dunia, mfumo wa kompyuta uliotengenezwa na Fujitsu, unaosoma mwili wa mchezaji katika pande tatu, ulianza kuwasaidia majaji kwenye ubingwa wa dunia wa 2019 mjini Stuttgart. Mashindano ya watoto hayana chombo hicho. Kwa hiyo tofauti ya 0.1 au 0.2 kati ya shindano moja na jingine haitoshi kusema mtoto amepanda au ameshuka. Mwelekeo wa msimu mzima ndio wenye maana. Kocha akiona pana kosa anaweza kuwasilisha ombi la maandishi la kuhakiki alama. Mzazi hana njia hiyo, na ni vizuri hivyo.

Upo mgongano mmoja kati ya alama na mwili unaostahili kufahamika. Mtu anapotua, nguvu inayopanda miguuni hutegemea muda anaoutumia kusimama: kadiri magoti yanavyokunjika taratibu, ndivyo nguvu inavyopungua. Vipimo vya wachezaji wakubwa wanaotua kutoka kwenye samasoti mbili vimewahi kufikia zaidi ya mara kumi ya uzito wa mwili. Kanuni zinaruhusu kukunja magoti, lakini kuchuchumaa sana wakati wa kutua hukatwa hadi 0.3. Mtoto anayefundishwa kuogopa makato hayo kuliko maumivu atatua akiwa amekakamaa. Kifundo cha mkono nacho hubeba uzito ambao katika michezo mingi hubebwa na mguu, na mfupa wake bado una sehemu laini ya ukuaji inayoumia kwa mzigo unaorudiwarudiwa. Maumivu ya kifundo yanayodumu wiki kadhaa kwa msichana wa miaka 11 yanahitaji daktari na mapumziko, hata kama mashindano ya jimbo ni Jumamosi ijayo.

Mchezo huu pia umebeba aibu kubwa. Mwezi Januari 2018 aliyekuwa daktari wa timu ya taifa, Larry Nassar, alihukumiwa kifungo kwa kuwadhulumu kingono wasichana aliokabidhiwa kuwatibu, na zaidi ya 150 walitoa maelezo yao mbele ya mahakama. Mwaka huohuo ilitiwa saini sheria ya kuwalinda wanamichezo wadogo. Kanuni zilizofuata zinataka mtu mzima anapokuwa peke yake na mtoto, awe anaonekana na anaweza kukatizwa na mtu mwingine. Kabla ya kuuliza klabu imeshinda medali ngapi, mzazi aulize ni nani humhudumia mtoto akiumia, wapi, na mbele ya nani. Ukumbi unaokataa kujibu, au unaowafungia wazazi mlango bila sababu, haufai kukabidhiwa mtoto.