CHUKUDU YAKO NA GOTI LAKO



Kila mtu wa Goma anaijua chukudu, kinga yetu ya mbao. Hata sanamu yake imesimamishwa mjini. Watu wetu wengi wakitoka kazini huisukuma kubeba viazi, kabichi na makala kutoka upande wa Kibumba. Hatukatazi. Lakini kuna ugonjwa tunaouona dispanseri ambao hautoki mgodini: goti la chukudu.

Juzi alikuja mlinzi mmoja wa depo. Goti lake la kuume limevimba mbele kama yai. Kwa miezi miwili alikuwa akimeza diclofenac ya kununua sokoni, bila kuandikiwa na munganga, na sasa tumbo linamwaka. Dawa hiyo ikizidi inatoboa tumbo na kuharibu figo. Nikamwambia aache dawa, apumzike. Akajibu: «Munganga, nikipumzika, watoto watafukuzwa shule.» Basi nikamwomba anionyeshe chukudu yenyewe.

Pale anapopiga goti, alikuwa amepigilia kipande cha tairi la motokari. Mpira umekauka kama jiwe, na kichwa cha msumari kimechomoza katikati. Tena wote mnaijua njia ya Rutshuru, iliyokatwa na moto wa Nyiragongo mwezi wa tano 2021. Gurudumu la mbao halina upepo ndani; kila jiwe unalolikanyaga, goti linalisikia. Kifuko kidogo kilicho mbele ya mfupa wa goti kinachubuka, kinajaa maji. Vidonge vingesaidia nini hapo?

Tulikwenda kwa fundi seremala. Aling'oa mpira ule, akaweka sponji ya matelasi kuukuu, unene wa vidole vinne, akaifunika kwa turubai. Misumari aliipiga ubavuni mwa ubao, si juu. Sponji ikilala, ibadilishe, haidumu. Usukani nao ulikuwa chini mno, kwa sababu chukudu ilitengenezwa kwa ajili ya mdogo wake, mtu mfupi. Ndiyo maana mgongo ulimuuma pia! Fundi akaweka mti mrefu zaidi, mikono ikaufikia bila yeye kuinama.

Kisha nikamwagiza abadilishe magoti: mteremko huu la kuume, ujao la kushoto. Mwanzoni alilalamika kwamba la kushoto «halijui kazi». Limejifunza. Baada ya wiki tatu uvimbe umepungua, ingawa haujaisha, na shule imelipwa.

Wewe uliye na chukudu nyumbani, pitisha kiganja leo juu ya mahali pa goti. Kiganja kikiumia, goti linaumia zaidi.

Na goti likiwa jekundu na la moto, au ukipata homa, usilitoboe kwa sindano wala wembe. Huenda usaha umeingia. Njoo dispanseri siku hiyohiyo, hata usiku.