Chura wa Maji Baridi na Kijito Chako

Ndugu mkulima, usiku ukilala, je, unasikia vyura katika kijito kilicho chini ya shamba lako? Ikiwa unawasikia, shukuru. Ikiwa zamani uliwasikia na sasa kimya, chunguza sababu.

Katika Afrika Mashariki wako vyura wa namna ya pekee, ambao wataalamu huwaita Arthroleptides. Aina zinazojulikana ni tatu tu: mbili ziko Tanzania, katika milima kama Usambara na Uluguru, na ya tatu ni ya Kenya, katika Mlima Elgon. Vyura hawa hukaa katika vijito vya milimani vyenye maji baridi yaendayo mbio, penye mawe na maporomoko. Ncha za vidole vyao zimepanuka, nao huzitumia kushikilia mwamba uliolowa. Viluwiluwi vyao ni vyembamba, vina mkia mrefu, navyo hung'ang'ania juu ya mwamba penye maji membamba yanayotiririka.

Chura wa Elgon alielezwa kwa mara ya kwanza katika maandishi ya wataalamu mwaka 1935, na Arthur Loveridge wa jumba la makumbusho la Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani. Mara ya mwisho kuandikwa kwamba ameonekana ni mwaka 1962. Sasa yumo katika orodha ya viumbe walio karibu kabisa kutoweka, na huenda ameshatoweka.

Labda utasema, "Elgon ni mbali na Machakos. Chura huyo ananihusu nini mimi mwenye shamba huko Mua?" Swali lako ni la haki. Sikiliza jibu.

Ngozi ya chura ni nyembamba, nayo hupitisha maji na hewa. Kilichomo majini humwingia mwilini upesi. Tena, maji baridi hushika hewa nyingi kuliko maji ya moto. Ukikata miti ya ukingoni, jua hupiga kijito, maji hupata joto na hewa hupungua. Udongo wa shamba ukiingia, huziba nafasi kati ya mawe, ambamo wadudu wa majini na viluwiluwi hujificha. Anayeumia kwanza ni chura. Anayefuata ni ndama wako, na mtoto wako anayechota maji hayo hayo. Tena ukimpoteza chura, umempoteza mla wadudu asiyedai mshahara.

Basi fanya hivi:

Kwanza, zuia udongo shambani. Machakos ina sifa kwa matuta ya "fanya juu": chimba mtaro kwa kufuata usawa wa mteremko, tupa udongo upande wa juu, na panda nyasi juu ya tuta ili lishikamane.

Pili, usilime mpaka ukingoni. Kanuni za Kenya za mwaka 2006 juu ya usafi wa maji zilitaka kando ya mto iachwe bila kulimwa, kila upande, kwa mita zisizopungua 6, na kufika 30 kwa mto mpana. Acha miti ya asili imee hapo. Usipande mikaratusi karibu na chemchemi, kwa kuwa hunywa maji mengi.

Tatu, usioshe bomba la kunyunyizia dawa katika kijito, wala usitupe humo makopo ya dawa.

Nne, wanyweshe ng'ombe wako katika hori lililo mbali na ukingo, wasikanyage kijito kikawa matope.

Kazi hii ni afadhali ifanywe kabla ya mvua za vuli. Tena zungumza na jirani yako wa juu na wa chini, maana kijito ni kimoja, na uchafu wa mmoja ni kinywaji cha mwingine. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Yule chura wa Elgon, hata ukuta hauwezi kumrudisha. Kijito chako bado kipo.