Malio ya Kiko

Mzee mmoja wa Makina, Kibera, alikuja kwenye kambi yetu ya meno na shida isiyohusu meno. Alichomoa kiko mfukoni, akakigonga kwenye kisigino cha kiatu, tone jeusi likadondoka sakafuni. "Daktari mwanangu," akasema, "hiki kitu kinanijaza mate mpaka nashindwa kuongea na watu. Kikifika katikati kinaanza kulia kama birika. Huu ni ugonjwa gani?"

Kiko chenyewe kilikuwa kifupi, cha mbao, cha kushika kiganjani. Alikirithi kwa babu yake, aliyekuwa askari wa King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza, kama mababu wa Wanubi wengi wa Kibera. Ufupi huo una maana, nitaurudia. Kwanza tuyaangalie mate.

Mtu mzima hutoa mate kati ya nusu lita na lita moja na nusu kwa siku. Yanatoka kwenye jozi tatu za tezi kubwa: moja mbele ya masikio, moja chini ya taya, moja chini ya ulimi. Zaidi ya hizo kuna mamia ya tezi ndogondogo zilizotapakaa ndani ya midomo, mashavuni na kwenye kaakaa. Ukiwa umetulia, mate mengi hutoka chini ya taya. Ukianza kutafuna, tezi za masikioni nazo hufungua mifereji yake. Siku zote tunayameza bila kujua. Anayelalamika kwamba mate yamezidi huenda anatoa mengi kuliko kawaida, au anatoa ya kawaida ila hayamezi.

Kiko huleta yote mawili. Ubongo hautofautishi shina la kiko na kipande cha muwa. Kitu kikikaa kati ya meno, tezi hupata habari kwamba chakula kimefika. Joto la moshi na ukali wake huongeza amri hiyo. Kisha nikotini huamsha vituo vya neva vinavyoziendesha tezi, na ndiyo maana anayejaribu tumbaku kwa mara ya kwanza hujaa mate, akapata kizunguzungu, pengine akatapika. Na wakati mate yanaongezeka, mvutaji ameuma shina, midomo iko wazi kidogo, kumeza kunakuwa kazi. Yanatafuta njia, na njia iliyo karibu ni tundu la kiko.

Hata hivyo, sauti aliyoisikia mzee haitokani na mate peke yake. Tumbaku, kama jani lolote, ina unyevu, na jani likiungua hutoa maji zaidi kwa njia ya mvuke. Mvuke ukipita kwenye shina lililo baridi hugeuka matone, kama yale yanayoganda chini ya mfuniko wa sufuria. Hata mvutaji mwenye mdomo mkavu kabisa atasikia kiko chake kikikoroma akivuta kwa pupa.

Wazee wa Pwani walilijua jambo hili na lugha yetu imeliweka. Kamusi za Kiswahili za tangu karne ya 19 zinataja kiko cha maji sehemu kwa sehemu: bori ni kichwa kinachobeba tumbaku na kaa, digali ni bomba linaloshuka hadi kwenye chombo cha maji, shilamu ni mrija wa kuvutia. Ule mlio wa maji ndani yake una jina lake, malio ya kiko. Katika chombo cha aina hiyo, sauti ya maji ndiyo kazi yenyewe. Moto uko mbali na mdomo, na umajimaji unabaki chini. Kiko kifupi cha askari hakina digali wala maji. Bori liko sentimita chache kutoka kwenye ulimi, na kila kinachodondoka kinarudi kwa mwenyewe. Lakini tusidanganyane: maji hupoza moshi, hayaondoi sumu yake.

Mtu ambaye bado hajaacha anaweza kupunguza adha hii. Asikining'inize kiko mdomoni. Akishike mkononi, avute, akiondoe. Ameze mate kabla ya kukirudisha, na asipulize ndani. Avute polepole, kwa sababu kuvuta haraka huzidisha joto, na joto huzidisha mate. Tumbaku ikiwa mbichi kiasi cha kushikamana kama tope, aianike kidogo kwanza. Kiko kikishapoa, apitishe kijiti chembamba kilichozungushiwa pamba ndani ya shina, kisha akiache kikauke hadi kesho yake.

Jambo moja asilifanye: kununua dukani tembe za mafua ili zikaushe mate. Kwa mtu mwenye umri mkubwa, tembe za aina hiyo zinaweza kumletea usingizi, kumchanganya akili na kumzuia haja ndogo. Isitoshe, mate ndiyo yanayosafisha asidi inayotoboa meno. Kinywa kikikauka, meno huoza upesi.

Siku chache baadaye, Kawangware, shosho mmoja aliniuliza swali lilo hilo, ila yeye havuti. Anaweka ugoro ndani ya mdomo wa chini na hutembea na mkebe wa kutemea. Ugoro wetu mara nyingi huchanganywa na magadi, yale yale ambayo jikoni hulainisha mboga sugu. Kazi yake mdomoni ni nyingine: magadi huifungua nikotini ili ipenye haraka kwenye ngozi laini ya kinywa. Vijana wanaoweka kuber, tumbaku nyingine ya mdomoni, wanapitia mlango huo huo. Mate yanayofurika hapo ni mwili unaojaribu kuosha kitu kinachouchoma. Kuyameza huchafua tumbo na kuleta kwikwi na kichefuchefu. Kwa mtumiaji wa ugoro na kuber, kutema ni nafuu kuliko kumeza.

Kutema wapi, basi? Kwenye vijia vya Kibera na Kawangware, ambako mtoto anacheza pale pale maji taka yanapopita, temea ndani ya mkebe wenye majivu na mfuniko, ukaumwage chooni. Kuna pia mate yanayobaki kwenye shina: wengi huogopa kwamba kuchangia kiko huambukiza kifua kikuu. Ugonjwa huo husafiri hewani, mwenye nao anapokohoa, na chumba cha futi kumi kwa kumi kisicho na dirisha ni hatari kuliko kiko. Kuchangia shina la kiko kunaweza kuhamisha vidonda vya midomo vya virusi, na hilo peke yake linatosha kumfanya kila mtu abaki na chake.

Turudi kwa mzee wa Makina. Nilimwomba afungue kinywa, nikamulika juu. Kaakaa lake lilikuwa limegeuka jeupe kama ukoko wa uji, na juu ya weupe huo kulikuwa na vidoa vyekundu vingi. Daktari wa meno huvitambua haraka. Wavuta kiko wengi hawashushi moshi mapafuni, wanauzungusha mdomoni, kwa hiyo kaakaa ndilo linalopokea joto lote. Ngozi yake hukakamaa na kuwa nyeupe. Vile vidoa vyekundu ni midomo ya tezi ndogo za mate, imevimba kwa kuunguzwa. Tezi zilezile alizokuja kuzishtaki ndizo zilizokuwa zimeumia.

Habari njema ni kwamba weupe wa aina hii kwa kawaida hupungua wiki chache baada ya mtu kuacha kiko. Usipopungua, lazima uchunguzwe, kwa sababu tumbaku ya kuvuta na ya kuweka mdomoni zote husababisha saratani ya kinywa. Kuna dalili zisizongoja: kidonda kisichopona kwa wiki mbili, doa jeupe au jekundu lisilofutika, uvimbe shingoni, shida ya kumeza. Mate yakianza kumtiririka mtu ghafla upande mmoja wa mdomo, uso ukapinda au maneno yakamkwama, hilo si la kiko. Huenda ni kiharusi. Apelekwe hospitali saa hiyo hiyo.

Anayetaka kuacha hana haja ya kupambana peke yake. Nambari ya NACADA, mamlaka ya kitaifa ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ni 1192 na hupigwa bila malipo, na kwenye kituo cha afya unaweza kuomba ushauri.

Nilimwonyesha mzee kaakaa lake kwa kioo kidogo. Alitazama kwa muda, kisha akauliza kama babu yake naye alikuwa nalo hivyo. Nikamwambia siwezi kujua, ila kiko ni kile kile. Tukakubaliana akiweke kabatini wiki tatu, kisha arudi tumulike tena. Alikifunga kwa leso, akanikabidhi mimi. "Kabati langu halina kufuli," akasema. "Kaa nacho wewe."