Taa ya Nyuma ya Baiskeli

Jirani yangu aligongwa kwa nyuma akirudi na baiskeli kutoka sokoni usiku. Dereva alisema, "Sikumwona." Leo tutengeneze taa ya nyuma.

Tafuta LED nyekundu, betri mbili za tochi za volti 1.5, swichi, nyaya na rezista ya omu 100. Muulize fundi redio, huzitoa kwenye redio mbovu. Panga betri zifuatane, upate volti 3. Waya wa chanya upite kwenye swichi, kisha rezista, mpaka mguu mrefu wa LED. Mguu mfupi urudi hasi. Isipowaka, geuza miguu. Usiiache rezista, LED itaungua.

Ifunge nyuma ya keria kwa mpira wa tyubu, mzigo usiifunike. Iwashe kabla giza halijaingia. Ufike salama.