Programu Huru Nayo Ina Masharti Yake

(Mazungumzo haya yalisomwa redioni wiki hii)



Kijana mmoja fundi wa kompyuta hapa mjini aliniambia majuzi, tena kwa kujiamini kabisa, kwamba programu ya stoo aliyowauzia wenye maduka watatu aliipata bure, haina mwenyewe, na mtu anaweza kuifanyia lolote atakalo. Nikamwuliza kama amesoma leseni yake. Akacheka. "Mzee wangu, nani anasoma leseni?"

Basi leo tuisome pamoja, maana jambo hili linamhusu hata yule asiyejua kubonyeza kompyuta. Simu nyingi tunazotembea nazo mfukoni, zile za Android, ndani yake zina Linux, na Linux ni mojawapo ya programu hizo zinazogawanywa kwa leseni.

Kwanza tuelewane kuhusu programu yenyewe. Mtu huiandika kwa maneno na alama ambazo mwenzake mwenye fani hiyo anaweza kuzisoma. Kisha maandishi hayo hugeuzwa kuwa mfululizo wa sifuri na moja, ambao mashine huufuata lakini mwanadamu haambui kitu. Kampuni nyingi hukuuzia hayo ya pili na kuyafungia kabatini yale ya kwanza. Unapewa pilau, lakini vipimo vya viungo hupewi, na chumvi ikizidi huna la kufanya ila kumngoja mpishi.

Hivyo ndivyo ilivyomkuta Mmarekani Richard Stallman, kwenye miaka ya 1980 ikianza, katika maabara ya chuo cha MIT. Palikuwa na mashine ya kuchapa ya Xerox iliyokuwa ikikwama karatasi. Mashine ya zamani alikuwa ameirekebishia programu yake, ikawa ikikwama inawapasha habari wenye kazi zao. Hii mpya hakuweza, kwa kuwa maandishi ya programu yake hayakutolewa. Alipomwendea mtu wa chuo kingine aliyekuwa nayo, akaambiwa haiwezekani, ameweka sahihi kwamba hatampa mtu. Mwaka 1983 Stallman alitangaza mradi wa GNU, na mwaka 1989 ikatoka leseni iitwayo GPL. Toleo la pili lilifuata 1991, na la tatu 2007.

Hapa Kiswahili kinatusaidia kuliko Kiingereza. Waingereza wana neno moja tu kwa maana ya huru na maana ya bure, ndiyo maana Stallman amekesha miaka yote akieleza tofauti yake. Sisi tunayo mawili. Programu ya GPL ni huru: waweza kuitumia kwa kazi yoyote, kuichunguza, kuibadili na kumpa mwenzio. Wala si lazima iwe bure, kwani leseni inaruhusu kabisa kuiuza. Inachodai ni kwamba ukimpa au ukimwuzia mtu programu hiyo, umpe na maandishi yake, pamoja na haki zilezile ulizopewa wewe. Toleo la pili linakuruhusu, badala ya kuyaambatisha, kutoa ahadi ya maandishi itakayodumu si chini ya miaka mitatu kwamba atakayeyataka atayapata. Na ukiitumia mwenyewe nyumbani au ofisini, hudaiwi chochote.

Mwenyewe pia yupo. Leseni hizi zinasimama juu ya hakimiliki ya mwandishi. Ukiyavunja masharti, ruhusa inaondoka, na unabaki mtu aliyenakili kazi ya mwenzake bila idhini. Mwaka 2004 mahakama ya Munich, Ujerumani, iliizuia kampuni ya Sitecom kuendelea kusambaza bidhaa yake kinyume cha GPL, baada ya mmoja wa waandishi wa sehemu ya Linux, Harald Welte, kushtaki. Mwaka uliotangulia wanunuzi walikuwa wamegundua kwamba kifaa cha intaneti cha Linksys, WRT54G, kilikuwa na Linux ndani, nao wakayadai maandishi. Yakatolewa. Kutokana nayo ukazaliwa mradi wa OpenWrt mwaka 2004, ambao hadi leo unavipa uhai vifaa ambavyo watengenezaji wake walishavisahau.

Zipo leseni laini zaidi, kama ile ya BSD: chukua, badili, hata funga kabatini ukitaka, ila usifute tangazo la hakimiliki la walioandika. DHIS2, mfumo wa takwimu za afya ulioanzia Chuo Kikuu cha Oslo na unaotumiwa na wizara za afya za Kenya na Tanzania, umetolewa kwa leseni ya namna hiyo. Mimi naona kwa nchi zetu GPL ina kinga zaidi, ingawa wapo waungwana wanaonipinga.

Tena leseni hizi zimetufanyia kazi ya lugha. Mwaka 2004 mradi mmoja katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia barua na kupigia hesabu, yote kwa Kiswahili. Hakuna aliyelazimika kwenda kupiga magoti kwa kampuni ya ng'ambo akiomba ruhusa ya kutafsiri. Ruhusa ilikuwamo ndani ya leseni.

Nimrudie fundi wangu. Alipoisoma ile leseni aliona kwamba wateja wake watatu wana haki ya maandishi, pamoja na yale mabadiliko aliyoyafanya yeye. Akayafungua ili awanakilie. Lahaula! Hakuweza kuyafuata mwenyewe. Mistari imepandana, majina ni a, b na c, na maelezo hayapo.

Ndipo utaona kwa nini miradi hii ina sheria za mwandiko. Linux ilianzishwa 1991 na Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki wa miaka 21, na sasa imepita mistari milioni 30 iliyoandikwa na maelfu ya watu wasiojuana. Kila mmoja akiandika apendavyo, nani atakagua? Kwa hiyo imeandikwa kwamba kila hatua ya ndani iingie nafasi nane, na ukizidi hatua tatu ujue umeharibu, panga upya. Kwa miaka mingi mstari haukutakiwa kuzidi herufi 80, hata mwaka 2020 walipolegeza hadi 100. Maelezo yaseme kazi inafanya nini, si namna inavyofanywa. Watu wa GNU wana mwandiko wao tofauti, na Torvalds kwa utani ameshauri sheria zao zichapwe kisha zichomwe moto.

Usidhani ni ubishi wa makarani. Februari 2014 Apple ililazimika kurekebisha haraka simu za iPhone, na siku chache baadaye kompyuta zake. Mstari mmoja wa amri ya kuruka ulikuwa umerudiwa mara mbili. Ule wa pili ulisogezwa ndani kana kwamba uko chini ya sharti la juu yake, kumbe mabano hayakuwapo, hivyo ukatekelezwa kila mara. Matokeo yake, simu iliruka hatua ya kuhakiki sahihi ya upande wa pili, na mwizi aliyekaa katikati ya mawasiliano angeweza kujifanya benki. Sheria ya kuweka mabano kila mahali ingeufanya mstari ule usiwe na madhara, au uonekane mara moja. Na kwa kuwa Apple ilikuwa imeyatoa hadharani maandishi ya sehemu hiyo, watu wa nje waliuonyesha mstari wenyewe kwa kidole ndani ya muda mfupi.

Fundi wangu sasa anayapanga upya maandishi yake, mstari kwa mstari. Wateja wawili wamekubali kusubiri. Wa tatu ameyataka yalivyo, kwa sababu ana mpwa wake anayesomea kompyuta, na anataka ayaone.