Unakuja Kisangani? Anza na maji

Kila likizo swali moja linarudi: "Nitakuwa Kisangani siku tatu, niangalie nini, nitembee namna gani?" Na kila mara jibu ni neno moja tu: Wagenia! Kiisha picha mbili za mitego, basi. Wagenia ni pazuri, hatukatai. Lakini mtu akija kuangalia mitego peke yake anarudi kwake bila kujua kwa nini mji huu uko hapa, na mara mingi anakuwa amelipa feza kwa mtu asiyehusika.

Tuanze na maji. Meli inayopanda toka Kinshasa inatembea zaidi ya kilomita 1,700, inafika Kisangani, na hapo inasimama. Mbele kuko mawe na maji makali. Maporomoko ya Boyoma yako saba, yametawanyika kwenye kilomita zaidi ya 100 kati ya Ubundu na hapa, na yale ya Wagenia ndiyo ya mwisho. Usingojee ukuta wa maji unaoanguka toka juu sawa Victoria Falls; wageni wengine wanafika na kuuliza "maporomoko yako wapi?" wakati wanayasimamia kando. Hapa maji hayaanguki sana, yanakimbia tu, na ni mengi ya kutisha. Juu ya mawe hayo Stanley aliweka kituo hapa mwaka 1883. Tippu Tip alikuwa na watu wake mbele yake, na mwaka 1887 akafanywa gavana. Juu ya hayo pia walijenga reli ya kilomita 125 toka ng'ambo ya kushoto mpaka Ubundu mwaka 1906, ili mizigo izunguke maji. Na Kiswahili unachosoma sasa kilifika huku na watu wa Tippu Tip. Komine ya Kisangani, ile iliyo upande wa maporomoko, ina familia za wazao wao mpaka leo. Mzee wa pale ukimsalimia kwa Kiswahili atafurahi. Sokoni ongea Lingala kama unaweza, ndiyo inayotembea zaidi.

Komine ziko sita. Makiso ni katikati: ofisi, benki, posta, soko kubwa, katedrali ya Notre-Dame du Rosaire kando ya mto, na chuo kikuu chetu, kilichoanza mwaka 1963 kama Université Libre du Congo na kuchukua jina la UNIKIS mwaka 1981. (Ukipita posta, kumbuka kama Lumumba, mbele ya siasa, alikuwa karani wa posta katika mji huu, wakati ule Stanleyville. Jina la Kisangani lilirudishwa mwaka 1966.) Tshopo iko kaskazini, Mangobo magharibi, Kabondo mashariki. Lubunga iko peke yake ng'ambo, na daraja hakuna.

Kutembea mjini si kazi ngumu. Mgeni wa ndege anashuka Bangoka, karibu kilomita 17 toka mjini. Rekebisha saa yako pale pale: sisi ni saa ya Lubumbashi na Goma, Kinshasa iko nyuma saa moja. Watu wamekosa ndege kwa jambo hilo dogo. Ndani ya mji ni moto. Patana bei mbele ya kupanda, taja komine na alama inayojulikana (kanisa, shule, rond-point), maana namba za nyumba haziwezi kukusaidia. Barabara zinazotoka mjini zinahesabiwa kwa PK, kilomita toka katikati. Mtu akikuambia anakaa PK kadhaa, uliza ni ya barabara gani.

Zamani mfalme wa mji alikuwa toleka, baiskeli yenye kiti cha sponji nyuma. Miaka ya vita, mafuta yalipokosekana, toleka ndiyo ilibeba wagonjwa, wanafunzi, magunia, mabibi harusi. Moto zimezifukuza karibu zote. Ukiona moja ingali inatembea, na safari ni fupi, panda. Ni polepole, utaona miti ya avenyu na utasikia habari ya mji kwa mtu anayeijua.

Sasa Wagenia. Wavuvi wanapanda miti mikubwa ndani ya maji makali, mitatu mitatu, wanaifunga kwa kamba za pori, na kwenye miti hiyo wananingʼiniza mitego mikubwa sawa faneli. Maji yanasukuma samaki ndani, nguvu ya maji yenyewe inamzuia kutoka. Hakuna injini, hakuna msumari. Kazi hiyo inarithiwa: kila familia inajua pahali pake, na mti ukichukuliwa na maji ni wao wanaoingia kuusimamisha upya. Kwa hiyo pale si bustani ya serikali. Ni shamba la watu.

Ndiyo maana feza ya kuangalia ina mwenyewe. Ukishuka kwenye moto, vijana watano watakuzunguka, kila mmoja ni gide, kila mmoja ni "mtoto wa chef". Usigombane nao, na usitoe hata franga moja. Sema tu: "Nipelekeni kwa wazee." Kaa, salimia, eleza umetoka wapi, uliza bei ya kuangalia, ya picha na ya mtumbwi, zote tatu, mbele ya kutoa simu. Lipa pale mbele ya watu. Hapo utapewa mtu mmoja, na wengine watakuacha. Kama unataka kuona wanavyovuta mitego, uliza watapanda saa ngapi siku ile, usilazimishe mtu apande juu ya picha yako. Kuna waliozoea kupanda ili mgeni afurahi, lakini ile miti inateleza. Na usiogelee. Unaona watoto wanaruka; wao wanajua kila jiwe, wewe hapana.

Lubunga inastahili nusu siku. Unavuka kwa mtumbwi wa motere ao kwa bac, unaona mji wote toka ng'ambo, na gare ya reli ya zamani. Lakini uliza habari kwanza. Tangu 2023, ugomvi wa ardhi kati ya Wambole na Walengola umeua watu huko na kufukuza maelfu toka vijiji vyao. Muulize mtu anayekaa Lubunga, si mtu wa hoteli, na usiingie ndani ya pori kwa kuzurura. Kuhusu mtumbwi: kama hakuna jile ya kujiokoa, kama umejaa, ao kama jua limeshuka, ngojea mwingine. Mto huu umemeza watu wengi kwa haraka ya dakika kumi.

Mgeni hapaswi kukaa kimya juu ya vita. Toka tarehe 5 mpaka 10 Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana hapa katikati ya raia, na mamia walikufa. Mwaka 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilihukumu Uganda ilipe Kongo dola milioni 325. Utasikia watu wakitaja FRIVAO kila kona: ni mfuko wa serikali wa kugawa feza hiyo kwa waathirika. Usiulize kwa mzaha. Mtu unayekaa naye mezani anaweza kuwa na jina la mtoto wake kwenye liste.

Chakula: lituma, ndizi zilizopikwa na kutwangwa, pamoja na samaki wa liboke na sombe. Ukila fufu tu umekula chakula cha popote. Umeme unatoka kwenye barrage ya mto Tshopo; mashine ikisumbua, mji unalala gizani, kwa hiyo beba tochi. Usipige picha barrage, daraja, bandari, uwanja wa ndege wala askari. Tembea na kadi ya uchaguzi ao paspoti, na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Dola iliyopasuka hata kidogo itakataliwa. Mvua hainaga musimu hapa, karibu kila mwezi inanyesha.

Ukiwa na siku ya nne, nenda Yangambi, karibu kilomita 100 kwa kufuata mto, kwenye kituo cha utafiti wa kilimo kilichoanza mwaka 1933, chenye hazina kubwa ya mimea iliyokaushwa. Kwa barabara utavuka mto Lindi kwa bac. Toka mapema asubuhi, maana bac inaweza kukungojesha upande mmoja, na kurudi usiku haifai.