Jicho la Mgonjwa na Mkono wa Mwanafunzi: Upasuaji wa Mtoto wa Jicho Tangu Siku za Korona

Barua zilizofika katika ukurasa huu tangu tulipoandika habari za macho mekundu, yale yaliyozuka Dar es Salaam na Mombasa mwanzoni mwa mwaka 2024, zimekuwa nyingi kuliko tulivyotazamia, na aghalabu yake zinauliza jambo jingine kabisa, lililobaki vifuani mwa watu tangu siku za korona. Wazee walioahirishiwa upasuaji wa mtoto wa jicho mwaka 2020, wakaambiwa wangoje, na waliporejea wakaelezwa kwamba atakayewapasua ni tabibu aliye masomoni, wanataka kujua kama ni salama kumkabidhi mwanafunzi jicho, hasa mwanafunzi ambaye sehemu ya masomo yake iliangukia katika miezi ile ambayo vyumba vya upasuaji vilikuwa kimya. Swali hili ni la haki, na jawabu lake lipo, tena limetafutwa miongoni mwa matabibu wetu wenyewe wa Afrika Mashariki. Lakini kulifikia sharti kwanza tueleze yaliyotokea.

Mwaka 2020 ulikuwa umewekewa ahadi na matabibu wa macho wa dunia nzima kitambo kirefu kabla ya korona kujulikana. Mnamo Februari 1999 Shirika la Afya Duniani na washirika wake walizindua mpango ulioitwa kwa mwaka huo wenyewe, wakikusudia kwamba utakapofika, upofu unaoweza kuepukika uwe umeondoka duniani. Ulipofika, ulikuta watu wapatao milioni 43 hawaoni, na katika wenye umri wa miaka 50 na zaidi, zaidi ya milioni 15 walikuwa vipofu kwa sababu ya mtoto wa jicho, maradhi ambayo tiba yake ni upasuaji wa dakika chache. Na juu ya deni hilo likaja gonjwa.

Mmoja wa watu wa mwanzo kulitolea hadhari alikuwa tabibu wa macho, Li Wenliang wa mji wa Wuhan, aliyewaonya wenzake tarehe 30 Desemba 2019, akaitwa na polisi akakaripiwa, kisha akaambukizwa, kwa maelezo yake mwenyewe, na mgonjwa wa glaukoma asiyekuwa na dalili yoyote, akafariki tarehe 7 Februari 2020. Kwamba maradhi ya mapafu yalimfikia tabibu wa macho si jambo la kustaajabisha kwa mtu aliyewahi kukaa mbele ya ile taa ya kuchunguzia macho: uso wa tabibu na uso wa mgonjwa hutenganishwa na nafasi ndogo mno, na pumzi ya huyu ndiyo hewa ya huyu. Kwa sababu hiyo matabibu wa macho walikuwa miongoni mwa wa kwanza kufunga milango. Tarehe 18 Machi 2020 chama chao kikuu cha Marekani kiliwahimiza wanachama wote waache kila kazi isiyokuwa ya dharura. Wiki hiyo hiyo gonjwa lilikuwa limekwisha bisha hodi kwetu, maana Kenya ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza tarehe 13 Machi, Tanzania tarehe 16, na Uganda tarehe 21. Kambi za macho, ambazo kwa wazee wengi wa vijijini ndizo njia pekee ya kumfikia mpasuaji, zilisimama, kwani haiwezekani kuwakusanya wazee mamia chini ya turubai moja wakati ambapo wazee ndio wanaouawa zaidi na gonjwa lenyewe. Watafiti walikadiria kwamba katika wiki 12 za kilele cha misukosuko hiyo, upasuaji wa namna zote unaofikia milioni 28 uliahirishwa duniani.

Hesabu ya wagonjwa walioahirishiwa imeandikwa sana. Hesabu ambayo haikuandikwa vya kutosha ni ya mikono iliyokosa kazi. Huko India, matabibu wa macho waliokuwa masomoni walipoulizwa mwaka 2020, zaidi ya asilimia 80 walisema kufungwa kwa shughuli kumeyadhuru mafunzo yao ya upasuaji. Elimu ya vitabu ilihamia katika simu na kompyuta kwa wepesi wa kupendeza, mihadhara ikasikilizwa kutoka kila pembe ya dunia. Lakini upasuaji ni elimu ya vidole, na vidole havifundishwi kwa muhadhara. Nchi tajiri ziliweza kuuvumilia upungufu huo, kwa kuwa zina matabibu wa macho wapatao 76 kwa kila watu milioni moja. Nchi maskini hazifikii wanne. Tabibu mmoja akichelewa kuhitimu Moshi au Kampala, wilaya nzima huenda ikakaa bila mpasuaji, na ndiyo maana siwezi kukubaliana na wale wanaoichukulia habari ya mafunzo kuwa ni shughuli ya vyuo vikuu isiyomhusu mgonjwa.

Hapa namwomba msomaji anivumilie, maana nataka kueleza kwa kituo ni kitu gani hasa ambacho vidole hivyo hujifunza, nami katika upasuaji wote sijui jambo lililobuniwa kwa hekima kuliko hili. Njia itumiwayo zaidi katika hospitali nyingi za ukanda wetu ni ya mkono, isiyohitaji ile mashine inayovunjavunja lenzi kwa mitetemo. Nayo ilikuzwa sana huko Nepal na matabibu kama Sanduk Ruit wa Kathmandu na Albrecht Hennig wa Lahan. Jicho likisha kutiwa ganzi na kuoshwa kwa ayodini, mpasuaji hukata mstari wa milimita 6 hadi 7 katika weupe wa jicho, nje kidogo ya konea, kile kioo angavu cha mbele ya jicho, wala hakati moja kwa moja mpaka ndani. Huishia nusu ya unene wa ukuta, kisha huulaza wembe na kuchimba njia baina ya tabaka na tabaka, akielekea mbele, akauvuka mpaka wa weupe na kuingia katika konea angavu kiasi cha milimita moja na ushei, na hapo tu ndipo huuinamisha wembe na kutokeza katika chumba cha mbele cha jicho. Njia hiyo hufanywa pana upande wa ndani kuliko upande wa nje, ili kiini cha lenzi, ambacho kwa mzee huwa kigumu na kinene, kiongozwe kutoka pasipo kuikwaruza konea.

Basi angalia linalotukia kazi ikiisha. Jeraha la milimita 7 katika jicho, na kwa kawaida halishonwi hata uzi mmoja. Maji ya jicho yanaporejea na shinikizo lake likarudi, husukuma kila upande kwa nguvu moja, nalo likiufikia mdomo wa ndani wa njia ile huukandamiza juu ya paa lake, mfano wa mlango ufungukao kwa ndani ambao upepo wa humo humo chumbani huushindilia kwenye miimo yake. Kadiri shinikizo linavyozidi, ndivyo njia inavyozidi kuziba. Jicho hulifunga jeraha lake kwa nguvu yake lenyewe. Lakini hayo huwa tu ikiwa njia imechimbwa katika kina kimoja toka mwanzo hadi mwisho: ikiwa ya juujuu mno, paa hutoboka, ikiwa ya ndani mno, mpasuaji hutumbukia jichoni kabla ya wakati, na jeraha halifungi. Tofauti baina ya haya ni sehemu ya kumi ya milimita, na mkono lazima ujifunze kuihisi.

Yako mengine. Lenzi imo ndani ya kifuko ambacho ukuta wake wa nyuma una unene wa takriban mikromita 4, ilhali unywele wa kichwa aghalabu hufika 70. Mpasuaji huufungua ukuta wa mbele, hukitoa kiini, husafisha mabaki, kisha huiweka lenzi ya plastiki ndani ya kifuko kile kile, jambo ambalo Harold Ridley alikuwa wa kwanza kulijaribu, London, mwaka 1949. Ukuta wa nyuma ukipasuka, ute uliojaa nyuma yake husukumwa mbele, lenzi bandia hukosa pa kutulia, na hatari ya ambukizo na ya kuvimba kwa retina huongezeka. Wapasuaji hupimana kwa kipimo hicho kuliko kingine chochote: katika macho uliyoyapasua, ni mangapi ulipasua na kifuko?

Msomaji aliyefuata maelezo haya ameona kwamba hapana mahali popote ambapo jicho hutolewa, likawekwa mezani, likaoshwa na kurudishwa, hadithi ambayo naisikia kila mwaka na ambayo imewafungia nyumbani wazee wasio na idadi. Ameona pia kwamba mtoto wa jicho si utando ulioota juu, bali ni lenzi yenyewe iliyopoteza uangavu wake, nyuma ya konea na nyuma ya mboni, mahali ambapo asali, maziwa ya mama, maji ya majani na hiyo mikojo ambayo baadhi ya watu wanathubutu kuipendekeza, haviwezi kuurudisha uangavu huo. Mwaka 2020, watu walipokuwa wakijifukiza nyungu kwa hofu ya korona, walizuka wauzaji wa mvuke waliodai kwamba huo huo husafisha na macho. Mvuke huunguza uso na konea. Na joto, lau lingefika kwenye lenzi, lisingeisafisha, kwani wafua vioo wa zamani, waliokaa miaka na miaka mbele ya tanuri, walijulikana hasa kwa kupata mtoto wa jicho kwa sababu ya joto hilo. Wabaya kuliko hao ni wale wanaouza, bila cheti cha tabibu, matone yenye steroidi kwa kila jicho jekundu. Jicho hutulia kwa siku mbili, mgonjwa hushukuru, huendelea miezi, na dawa ile ile humletea mtoto wa jicho pamoja na glaukoma, na upofu wa glaukoma hauna marejeo. Mwuzaji huyo anafanya biashara kwa macho ya watu, naye anastahili kufikishwa mbele ya sheria.

Sasa nirudi kwa mwanafunzi. Kabla ya gonjwa kuingia, matabibu waliokuwa wakisomea macho Kenya, Tanzania, Uganda na Zimbabwe walikuwa wamekwisha gawanywa kwa kura katika makundi mawili. Kundi moja liliendelea na mafunzo ya kawaida. La pili lilipelekwa Cape Town kwa siku 5, likakaa mbele ya hadubini na macho ya bandia, likakata na kuchimba njia ile ile niliyoieleza, likarudia na kurudia, kila jaribio likitathminiwa, bila kumgusa mgonjwa. Matokeo yalitoka mwishoni mwa 2020, wakati ule ule ambapo vyuo vilikuwa vikijiuliza vitafundishaje. Katika mwaka uliofuata mafunzo, waliojizoeza kwa macho bandia walifanya kwa wastani upasuaji 21.5 kila mmoja, na wenzao 8.5. Kifuko cha nyuma kilipasuka katika macho 42 kati ya 537 ya kundi lililojizoeza, yaani asilimia 7.8, katika kundi la kawaida yalikuwa 54 kati ya 203, yaani asilimia 26.6.

Nimezisoma tarakimu hizo mara nyingi, na kila nikizisoma nafikiri juu ya hayo macho 54. Asilimia 7.8 bado ni zaidi ya ile ya bingwa mzoefu, na haifai kuificha. Walakini hiyo ni ya watu walio mwanzoni mwa kazi yao, na imepungua kwa zaidi ya theluthi mbili kwa siku 5 tu za mazoezi. Maana yake ni kwamba mkono unaweza kufundishwa hata wakati chumba cha upasuaji kimefungwa kwa gonjwa, na kwamba ile desturi kongwe ya mwanafunzi kujifunzia hatua za kwanza katika jicho la mgonjwa, ambaye aghalabu ni maskini kwa kuwa tajiri hujichagulia mpasuaji, haina udhuru tena. Chuo kinachopata fedha za kujenga ukumbi kisikose za hadubini ya mazoezi.

Kwa hiyo, mzee aliyeniuliza, jawabu ni hili. Uliza, bila haya, kama atakayekupasua amejizoeza kwa macho bandia au ya wanyama, na kama bingwa wake atakuwa kando yake mwanzo hadi mwisho. Ukijibiwa ndiyo kwa yote mawili, nenda. Usingoje mtoto wa jicho aive: ushauri huo ulikuwa na maana katika njia za kale, na sasa unadhuru, kwani lenzi ikikawia huwa ngumu, na ikipita kiasi huvimba au huvuja, ikaziba mifereji ya jicho na kuleta maumivu na upofu wa kudumu. Mwenye kisukari aidhibiti sukari kabla ya siku ya upasuaji. Baada ya upasuaji tia matone uliyopewa, usisugue jicho, na ukiona maumivu makali, wekundu unaozidi au uoni unaopungua, rudi siku hiyo hiyo.

Liko jambo moja ambalo halikuulizwa katika barua zenu nami siwezi kuliacha. Mtu mzima aliyeahirishiwa mwaka mzima, lenzi yake ikitolewa kabla haijaleta madhara mengine, huona; mtoto mchanga aliyezaliwa na lenzi yenye ukungu hana muda huo, kwa sababu ubongo hujifunza kuona katika miezi ya mwanzo ya maisha, na usipopata taswira safi wakati huo, hautajifunza vyema hata lenzi ikitolewa baadaye kwa ufundi mkamilifu. Kwa hao wachanga madaktari huhesabu kwa wiki. Mama akiona mboni ya mwanawe ni nyeupe, ampeleke wiki hiyo hiyo, gonjwa liwepo au lisiwepo, katika hospitali yenye wapasuaji wa macho ya watoto, kama KCMC ya Moshi au CCBRT ya Dar es Salaam, na zahanati yoyote itakayomwambia asubiri mtoto akue, asiitii.